Linki ya 80 GHz ina RSL nzuri lakini 256QAM haishiki: namna ya kusaka noizi ya fezi

Kama linki yako ya E-band, yaani zile za 71 hadi 76 GHz upande mmoja na 81 hadi 86 GHz upande wa pili, inasoma RSL (nguvu ya signali inayopokelewa) ya -42 dBm, anga jeupe, antena zimetazamana sawasawa, halafu redio imeng'ang'ania modulesheni ya 64QAM na haitaki kupanda hadi 256QAM, acha kwanza habari ya kukwea mnara kwenda kusogeza antena. Signali ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni utulivu wa osileta, na hapo hata ukiongeza powa maradufu hupati kitu, manake noizi ya fezi inasafiri na signali yenyewe, ukipandisha moja umepandisha na nyingine.

Osileta inatakiwa ipige mapigo yake sawasawa, lakini kiuhalisia kuna mapigo yanawahi kidogo na mengine yanachelewa kidogo, kama mpiga ngoma ambaye mkono umeanza kuchoka, na kuyumba huko ndiko noizi ya fezi. Kwenye redio za 7 au 15 GHz hilo lilivumilika. Kwenye 80 GHz ni balaa kwa sababu masafa hayo yanazidishwa kutoka chini, na kila ukizidisha masafa mara N noizi nayo inapanda kwa 20 log N. Kutoka refarensi ya 10 MHz mpaka 80 GHz ni mara 8,000, hiyo ni 78 dB. Kutoka 100 MHz ni mara 800, yaani 58 dB. Kwa hiyo kristali ya 100 MHz yenye noizi ya -160 dBc/Hz (ikilinganishwa na keria, yaani wimbi lenyewe, kwa kila hezi) kwenye ofseti (umbali kutoka keria) ya 10 kHz, ambayo ukiisoma kwenye karatasi yake unaona safi kabisa, ikifika 80 GHz imebaki -102, na hapo tumechukulia kwamba vitu vyote vya katikati havijaongeza chochote, jambo ambalo halitokei.

Na modulesheni za juu hazina huruma, maana namba iliyo kabla ya QAM ni idadi ya nukta ambazo redio inapaswa kuzitofautisha. Nukta ya kona kwenye 4QAM inaweza kuzunguka mpaka digrii 45 kabla haijaingia eneo la jirani, 16QAM kama digrii 17, 64QAM digrii 7.7, 256QAM digrii 3.7, na 1024QAM digrii 1.8 tu. Hiyo ni kabla hujaweka noizi ya joto, ile ya kawaida ya risiva, juu yake. Kariri na hizi tatu zitakusaidia kazini: fezi ikicheza digrii 2 rms, MSE (wastani wa kosa la nukta kutoka mahali pake, kadiri ilivyo hasi zaidi ndivyo ilivyo bora) haiwezi kuwa bora kuliko -29 dB hivi, digrii 1 ni -35, nusu digrii ni -41. Baadhi ya redio zinaiita SNR au CINR badala ya MSE, ni kitu kile kile ila alama imegeuzwa.

Kwanza thibitisha ni noizi ya fezi kweli

Zima ATPC (ile inayojirekebishia powa ya kutuma), funga modulesheni isipande wala kushuka, halafu punguza powa ya upande wa pili dB tatu tatu huku unaandika RSL na MSE. Ukiona RSL inatoka -42, -45, -48, -51 na MSE imekaa pale pale -29, hapo umepata sakafu ambayo haihusiani na nguvu ya signali. Ukiona MSE inaharibika dB kwa dB pamoja na RSL, hiyo ni noizi ya joto ya kawaida, nenda kwenye antena, maji kwenye flenji ya weivugaidi, au mvua. Mvua ya 100 mm kwa saa kwenye masafa haya inakula karibu 30 dB kwa kila kilomita, lakini mvua inashusha RSL, noizi ya fezi haiishushi. Na ukiona MSE inakuwa bora unapopunguza powa, basi ama powa ampu ya upande wa pili inabanwa, ama linki ni fupi mno na risiva imezidiwa, hilo ni tatizo jingine kabisa.

Kisha fungua konstelesheni (mchoro wa nukta za QAM) kama redio yako inaionyesha. Angalia nukta za katikati na nukta za pembeni. Noizi ya fezi inazungusha tu, haisukumi kuelekea nje, kwa hiyo nukta za katikati zinabaki ndogo na za pembeni zinavutika kuwa vitao, na kadiri nukta ilivyo mbali na kitovu ndivyo kitao kinavyorefuka. Zote zikiwa mawingu ya mviringo yenye ukubwa mmoja ni noizi ya joto. Kona zikiwa zimeingia ndani ni ampu inabanwa. Mraba mzima ukiwa umepinda kama msambamba ni I na Q hazilingani. Nukta zikigeuka vipete vidogo vyenye tundu katikati, tafuta mwingiliano wa keria nyingine kwenye chaneli yako.

Sasa kuna mtego hapa ambao unawapotezea watu muda mwingi sana na naomba uzingatie. Redio inashushwa, inapelekwa karakana, inafanyiwa loopback (inatuma na kujipokelea yenyewe), MSE inakuja -40, wanasema redio nzima, inarudishwa mnarani na tatizo liko vile vile. Loopback ya IF (masafa ya kati) haipiti kabisa kwenye LO (osileta inayopandisha signali hadi masafa ya hewani) kwa hiyo haiwezi kukwambia lolote kuhusu LO. Loopback ya RF (masafa ya hewani) nayo, kama TX (kutuma) na RX (kupokea) zinakula kutoka osileta moja, noizi iliyowekwa wakati wa kutuma inatolewa wakati wa kupokea kwa sababu ni ile ile. Ikiwa ucheleweshaji wa njia ni nanosekunde 10, noizi ya ofseti ya 100 kHz inafutwa kwa zaidi ya 40 dB. Kwenye linki halisi kuna osileta mbili zisizojuana, noizi zao zinajumlishana. Kipimo cha maana ni redio mbili tofauti, au redio moja dhidi ya jenereta ya signali unayoiamini.

Upande upi una shida?

Kabla hujafungua kitu, soma MSE za pande zote mbili. Redio nyingi zina kristali moja inayolisha PLL mbili (saketi zinazofunga osileta kwenye kristali), ya kutuma na ya kupokea. Tuseme A na B. Ikiwa MSE ni mbaya A kwenda B na pia B kwenda A kwa kiwango kinachokaribiana, shuku kitu kinachotumika pamoja ndani ya redio moja: kristali, powa sapulai, au mtikisiko wa mnara. Ikiwa ni mbaya upande mmoja tu, tuseme A kwenda B, kristali haina kosa, tafuta kwenye PLL ya kutuma ya A au PLL ya kupokea ya B, pamoja na maltiplaya (za kuzidisha masafa) zinazofuata. Ukiwa na redio ya akiba badilisha upande mmoja tu, usibadilishe zote mbili kwa pamoja hata kama gari la kwenda lipo, manake tatizo litaondoka na hutajua lilikuwa wapi, na ile mbovu itarudi stoo ikisubiri kufungwa kwenye mnara mwingine.

MSE mbaya saa zote, hakuna kilele chochote kwenye spektra, na chaneli ni pana

Hapa ndipo wengi wanafuata kitu kisichowahusu. Tumezoea kuangalia noizi ya karibu na keria, ofseti ya 10 kHz, 100 kHz, kwa sababu ndiyo ilikuwa inaua redio za chaneli ya 28 MHz. Lakini E-band unatumia chaneli ya 500 MHz, 1,000 MHz hata 2,000 MHz, na modemu inayopokea simboli milioni mamia kwa sekunde ina nafasi kubwa ya kufuatilia mabadiliko ya polepole ya fezi na kuyafuta. Isichoweza kufuta ni ile noizi bapa ya mbali, sakafu inayoanza baada ya megahezi kadhaa na kuendelea mpaka mwisho wa chaneli. Piga hesabu: sakafu ya -120 dBc/Hz inaonekana ndogo, lakini ijumlishe juu ya 500 MHz, hiyo ni 87 dB, unapata -33 dB. Hiyo ni redio moja. Weka na ya pili iliyo sawa nayo, umefika -30. 256QAM imeshaanza kuhema.

Jinsi ya kujua ni sakafu: punguza upana wa chaneli kutoka 500 kwenda 250 MHz ukiwa na RSL ile ile ya juu. MSE ikiboreka kwa karibu 3 dB, ni sakafu. Ikibaki pale pale au ikiharibika zaidi, ni noizi ya karibu na keria, ruka uende sehemu inayofuata.

Chanzo cha sakafu kupanda mara nyingi ni LO kuingia dhaifu kwenye ampu mojawapo kabla ya maltiplaya. Sakafu ya fezi baada ya ampu ni takriban -177 ukajumlisha noizi figa yake na kutoa nguvu inayoingia. Ampu yenye noizi figa ya 6 dB ikipewa -20 dBm inatoa sakafu ya -151. Ampu hiyo hiyo ikipewa -35 dBm inatoa -136, na ikizidishwa mara 6 (ongeza 15.6 dB) unafika karibu -120, yaani ile ile tuliyoipigia hesabu juu. Na cha kuudhi ni kwamba baada ya maltiplaya nguvu ya LO inaweza kuonekana kawaida kabisa kwa sababu ampu za mbele zinaingia kwenye saturesheni na kuficha upungufu. Kwa hiyo pima nguvu kila hatua, siyo mwisho tu. Tafuta atenyueta iliyowekwa kubwa mno, konekta ya ndani iliyofanya kutu (Pwani hii ipo sana, chumvi inapenya pale oringi ilipochoka), solda iliyopasuka chini ya bafa. Kama unabuni redio mwenyewe, weka filta nyembamba kabla ya maltiplaya ya kwanza, itakata sakafu kabla haijazidishwa. Ukiiacha izidishwe, imekwisha hiyo.

Vilele vyembamba pembeni ya keria

Weka redio kwenye hali ya kutuma keria tupu bila data, tazama kwenye spektra analaiza. Vilele vilivyosimama kwa umbali sawa kushoto na kulia vinakutajia chanzo chao kwa ofseti yao. Kila 100 Hz ni rektifaya inayotokana na umeme wa 50 Hz. Mamia ya kilohezi ni DC/DC konvata ya ndani. Ofseti inayolingana na masafa ya PFD (kilinganishi cha fezi ndani ya PLL) ni refarensi inavuja. Na kilele ambacho ukibadilisha chaneli kidogo kinahama na kukimbilia keria ni cha PLL ya fraksheni (inayozidisha refarensi kwa namba isiyo kamili), kinatokea pale masafa unayotaka yakikaribia kizidisho kamili cha refarensi. Hicho dawa yake ni kubadilisha masafa ya PFD kwa chaneli hiyo, usihangaike na powa.

Ya DC/DC nataka tukae nayo kidogo kwa sababu ndiyo ya kawaida zaidi na madhara yake watu hawayaamini mpaka waone namba. VCO (osileta inayoongozwa na volti) ina tabia ya kuhama masafa umeme wake ukibadilika, tuseme 5 MHz kwa volti moja. Konvata ya 300 kHz inaacha ripo (mawimbi madogo yanayobaki kwenye umeme) ya milivolti 1 tu. Milivolti 1 inaisogeza VCO 5 kHz. Gawa 5 kwa 300, gawa kwa 2, geuza kuwa dB: kilele cha -42 dBc kwenye VCO. Zidisha mara 6 kwenda E-band, kimekuwa -26 dBc, na viko viwili, kushoto na kulia. Kwa milivolti moja! Ili kishuke mpaka -66 unahitaji ripo iwe mikrovolti 10.

Ndiyo maana ile linki ambayo ilikuwa inapiga 256QAM vizuri, miaka ikapita, MSE ikawa inaharibika taratibu bila mtu kugusa kitu, mimi kwanza nafungua sehemu ya powa. Kapasita za elektroliti ndani ya kasha linalookwa na jua mchana kutwa zinakauka, ESR (upinzani wao wa ndani) inapanda, ripo inapanda nayo. Weka oskiloskopu pale pale kwenye pini ya VCO, prob iwe na ile springi fupi ya ardhi, usitumie waya mrefu wa klipu ya mamba kwa sababu utaokota takataka za hewani na kudhani ni ripo. Badilisha kapasita, na kama bodi inaruhusu weka LDO (kirekebisha volti) ya noizi ndogo mahsusi kwa VCO. Kuwa makini na LDO ya kawaida: karatasi inasifia inakandamiza ripo kwa 60 dB, ukisoma vizuri hiyo ni kwenye 1 kHz, ikifika 300 kHz imebaki 20 au 30. Rezista ndogo na kapasita mbele yake inafanya kazi kubwa kuliko bei yake.

Ukiwa mnarani na huna vifaa, kuna jaribio rahisi: kata rektifaya kwa dakika chache redio ibaki kwenye betri. MSE ikiruka kuwa nzuri, chanzo kiko nje ya redio. Isipobadilika bado DC/DC ya ndani haijasafishika, inabaki kwenye orodha.

Nundu pande mbili za keria, mahali fulani kati ya 50 kHz na 500 kHz

Hiyo ni lupu ya PLL haijatulia. Ndani ya upana wa lupu noizi inatoka kwa refarensi na PFD, nje yake inatoka kwa VCO, na pale zinapokutana fezi majini (akiba ya fezi iliyobaki kabla lupu haijayumba) ikiwa ndogo inatokea nundu. Lenga digrii 50 hadi 60. Sababu za nundu kwenye redio iliyokuwa nzima: mkondo wa chaji pampu (sehemu ya PLL inayosukuma mkondo kwenye filta ya lupu) umebadilishwa na firmuwea mpya, au unyeti wa VCO umebadilika kwa joto kwa sababu volti ya kuitunia imesukumwa karibu na mwisho wake. Soma hiyo volti mchana wa jua kali na usiku. Ikiwa inakaribia ukutani mchana, VCO imezeeka au chaneli iko pembezoni mwa uwezo wake.

Kama noizi ya ndani ya lupu yenyewe iko juu bila nundu, suluhisho ni kupunguza N, yaani mara ambazo refarensi inazidishwa. PFD yenye namba ya noizi ya -230, refarensi ya 100 MHz, pato la 12.5 GHz: unapata -108 dBc/Hz, na mara 6 inakuwa -92.5. Ukipandisha PFD kwenda 200 MHz unaokoa 3 dB bila kununua chochote, mara nyingi ni rejista moja tu ya kuwasha dabla (inayozidisha refarensi mara mbili). Rezista za filta nazo usizidharau, rezista ya kiloomu 1 ina noizi ya nanovolti 4 kwa mzizi wa hezi, kwenye VCO ya 100 MHz kwa volti, hiyo peke yake inatoa -111 kwenye ofseti ya 100 kHz. Tumia rezista ndogo na mkondo mkubwa wa chaji pampu.

MSE nzuri siku nzima, halafu makosa yanakuja kwa mafungu

Wastani wa MSE safi, RSL haijatikisika, lakini kaunta ya makosa inaruka ghafla, inatulia, inaruka tena, hasa jua linapozama, au upepo ukivuma, au jenereta ya chini ya mnara ikiwashwa. Fezi hapa inarukaruka, ni tofauti na ile noizi ya muda wote, na modemu inapoteza mshiko kwa muda mfupi sana ambao wastani hauuonyeshi.

Kristali ya kawaida inahama kama sehemu 1 kwa bilioni kwa kila g ya mtikisiko, ambayo kwenye 80 GHz ni 80 Hz. Mtetemo wa polepole wa jenereta, 25 au 50 Hz, modemu kwa kawaida inaufuata bila shida. Kinachoivunja ni pigo la ghafla. Jioni kasha la alumini linasinyaa, bodi iliyobanwa na skrubu inateleza kidogo, tak, masafa yanaruka. Gonga kasha taratibu kwa mpini wa bisibisi huku mwenzako anasoma kaunta, anzia karibu na kristali, nenda kwenye shildi ya VCO, kisha pembeni za bodi, utalipata eneo lenyewe. Kaza skrubu kwa toki (nguvu ya kukazia) iliyoandikwa na mtengenezaji na kwa mpangilio wa msalaba, angalia kama kifuniko cha shildi kinapumua.

Na kitu kimoja ambacho kinasahaulika: kapasita za filta ya lupu. Za seramiki aina ya X7R zinatoa umeme zikitikiswa, ni tabia ya udongo wake. Mikrovolti moja kwenye VCO ya 100 MHz kwa volti ni 100 Hz za kuhama, kabla ya kuzidisha. Mtu akibadilisha kapasita ya C0G (seramiki isiyo na tabia hiyo) akaweka X7R kwa sababu thamani inafanana na ndiyo iliyokuwepo dukani, ameweka maikrofoni ndani ya redio. Rudisha C0G au ya filamu.

Mengineyo kwa haraka

Zima TX ya redio yako na uone kama MSE ya RX inaboreka. Ikiboreka, nguvu ya kutuma inavuja na kuivuta VCO, angalia gasketi na shildi. Ukitumia XPIC (kutuma mielekeo miwili, H na V, kwenye chaneli moja na kufuta mwingiliano wake) hakikisha H na V zinakula refarensi moja, kebo ya kuunganisha ikilegea kila moja inaenda na fezi yake na ufutaji unaharibika ingawa kila upande peke yake unaonekana mzima. SyncE na PTP (saa zinazopitia mtandao) ziache, jita ya saa ya mtandao ni mambo mengine isipokuwa kama redio inafunga kristali yake kwenye hiyo saa.

Ukipima kwa spektra analaiza na miksa ya nje ya 80 GHz, kumbuka LO ya analaiza nayo inazidishwa, unaweza ukawa unapima mashine yako badala ya redio. Ni afadhali upime kwenye LO ya 12 au 13 GHz kabla ya maltiplaya, kisha ujumlishe 15.6 dB mwenyewe.

Mwisho kuna upana wa lupu ya kufuatilia keria ndani ya modemu, watengenezaji wengine wanaruhusu uubadilishe. Ukiupanua unafuta noizi zaidi ya karibu, lakini unaingiza noizi ya joto, na kwenye mvua RSL ikishuka ndiyo utailipia. Panua hatua moja, fungua modulesheni, acha ikae mpaka ipitie mchana wa joto na mvua angalau moja, linganisha MSE ikiwa RSL iko juu na ikiwa RSL iko chini, ndipo uongeze nyingine. Kama tatizo lilikuwa sakafu, hiki kitufe hakitasaidia kitu, na ripo ni afadhali uiue kwenye chanzo chake, kwa hiyo usianze nacho.